Madamu Alisema Leteko

Mutu akikuambia «leteko», wewe unafanya nini? Unaleta, si vile? Ata kama miguu imechoka, ata kama ule mutu haumupendi, ile «ko» ya mwisho inakubembeleza roho, unasimama, unaleta. Leteko chumvi. Leteko mutoto nimubebe. Huku kwetu Bukavu njo vile tunaombaka kitu kwa upole. Basi sikilizeni namna ile neno ya upole ilitaka kuniua ningali mutoto mudogo, na namna nilizeeka nayo mu kichwa bila kujua kama haikuwa neno yetu.

Kamba njo ilinikumbusha. Mujukuu wangu Nsimire iko anajitengeneza kuenda Kampala. Alipata kazi kule, fasi batu banasema Kingereza tangu asubui paka mangaribi, na yeye iko anajifunza ile luga hapa Bagira, anasema peke yake mu chumba kama mutu wa homa. Sasa valisi yake ilikataa kufunga. Akaleta kamba ya mukonge yenye ilinyeshewa inje. Nyinyi ba umri yangu munajua ile harufu: mukonge ya maji, inanuka kama majani ya kuoza na jasho ya nyama. Nikashika mwisho moja ya kamba nimusaidie kukaza. Harufu ikaniingia. Nikakaza, nikakaza, nikasahau kuachilia. Nsimire anavuta huku, mimi navuta kule, valisi katikati inalia kwi, kwi.

«Koko, let go!» akasema, anacheka.

Nikasimama, nikamupelekea ile kamba, nikamuwekea mu mikono.

«Koko! Nasema uachilie, wewe unaniletea?»

«Si umesema leteko?»

«Nimesema let go. Ni Kingereza. Ni kusema: achilia.»

«Rudia.»

«Let go. Achilia.»

Nikaikala juu ya valisi. Nsimire akashituka: «Koko, tansio ya damu imepanda?» Nikamuambia hapana, si tansio, ni Madamu. «Madamu gani?» Nikamuonesha mukono yangu ya kuume, hapa fasi ya kuvaa saa. Anaijua ile alama. Akiwa mutoto alikuwaka anaichezea na kidole, anasema Koko iko na bangili ya ngozi. Lakini fasi ilitoka, sikumuambiaka muzuri.

Tulikuwa tunakaa Miti, kandokando ya mashamba ya chai. Mama yangu alikuwa anafulia nguo muzungu moja mwanamuke, Madamu, bwana yake njo alikuwa anaangalia ile chai. Bazungu bengine bote ba kule balisema Kifaransa. Hawa babili balisema Kingereza, na hakuna mutu alikuwa anabasikia. Kiswahili ya Madamu ilikuwa ya kujaza kiganja tu: jambo, maji, nguo, mutoto, basi. Alikuwa mama murefu, shingo nyekundu, na alipenda kuona kila kitu karibu. Kila siku nilienda na mama kule, juu nilikuwa nachunga ndama pa mupaka ya chai, fasi majani ilikuwa mingi.

Sasa Madamu, akinikuta, alikuwaka anasema: «Let me see.» Mimi nasikia «leta misi». Siku ya kwanza nikakimbia kwa mama. «Mama, misi ni nini?» Mama iko na sabuni paka mu macho. «Mimi nitajua wapi? Pengine ni kijiko. Umupelekee kijiko.» Nikapeleka. Madamu akaangalia ile kijiko, akacheka paka shingo ikazidi kuwa nyekundu, akasema «sankyu». Basi, nikajua: misi ni kijiko. Siku ingine iko anaita imbwa yake batembee, anasema «let's go, let's go». Mimi nasikia «letes ku», nikasema, ah, huyu anataka kuku, ulimi inamuteleza tu. Nikamuletea kuku. Imbwa ikaona kuku, kuku ikaona imbwa, bikapita mu nguo za mama zenye zilikuwa ku kamba, mashuka yote chini mu potopoto, mu matope. Mama akanipiga na suruali ya maji, pa! «Nani alikutuma kuku?» «Madamu!» «Madamu anakulaka kuku asubui?»

Mu kichwa yangu, Kingereza ilikuwa Kiswahili yenye imezeeka, meno imeanguka. Na ba ile luga balikuwa batu ba kuletewa. Leta hii, leta ile. Nilikuwa nazani kwao hakuna neno ingine.

Lakini ndama njo ilikuwa inaninyima usingizi. Ilikuwa ndama muke, mweusi, na alama mweupe hapa pa uso. Na haikuwa yetu. Nyinyi Bashi munajua: kulikuwa muzee moja ku kilima ya ngambo, alimupatia papa, baba yangu, ngombe ya kuchunga. Unachunga, unakunywa maziwa, na siku ngombe inazaa ndama muke ya kwanza, unaikomalisha, unaimurudishia. Kisha njo mama-ngombe inabaki kwako. Na kama ngombe ya mutu inakufia, unamupelekea ngozi yake. Ngozi njo inasema kwamba kweli ilikufa, haukuiuzisha. Bila ngozi, uko mwizi, na ngombe yote inarudi. Sasa kwetu kulikuwa kamutoto kamoja kadogo, Bahati, mudogo wangu. Mama alipata homa nyuma ya kumuzaa, maziwa ikakauka. Bahati alikuwa anaishi na maziwa ya ile ngombe. Ilikuwa vile tu: ndama ikipotea, ngombe inaenda, ngombe ikienda, Bahati anakunywa nini?

Kila asubui papa alinizungushia kamba ku mukono, anakaza, ananiangalia. Papa hakuwa mutu wa maneno mingi. «Mukono hii ikiachilia kamba,» anasema, «usirudi nayo hapa.»

Mimi nilisikia vile alisema. Sikusikia kama ni ukali ya baba. Nilisikia kwamba siku nikiachilia, nitarudi nyumba, lakini mukono nitauacha fasi. Nikalala nawaza: nitauacha kwa nani? Nitaukata na nini? Nitafagia na mukono gani?

Ile siku, kwetu jua lilikuwa linawaka. Mvula ilikuwa juu ku mulima wa Kahuzi, tunasikia tu inanguruma mbali, kama mutu anasukuma mapipa. Chini ya chai kuna kamuto, ya kuruka na muguu moja. Ndama ilikuwa inakula pale pa ukingo. Mara maji ikaanza kusema. Nikaangalia juu, nikaona haiko maji tena, ni udongo yenye inatembea, inakuja na matawi, inakuja na mizizi. Nikavuta ndama. Ndama ikataka jani moja tu tena, ile ya mwisho. Ukingo ukavunjika chini ya miguu yake.

Kamba ikanitupa chini, tumbo mu potopoto. Ikanikokota. Nikakokotwa paka muguu yangu ikanasa mu muzizi ya mukaratusi, pale nikasimama: muguu ku muti, mukono ku kamba, na ndama mule chini inazunguka mu maji, macho mweupe, inalia na sauti ya mutoto. Kamba ilikuwa imejikaza ku ngozi. Vidole vikakuwa rangi ya bilinganya. Sikulia. Nilikuwa nahesabu tu mu roho: Bahati, ndama, papa, mukono. Bahati, ndama, papa, mukono.

Njo nikasikia miguu inakimbia. Madamu. Bila viatu, nywele yote mu uso. Na anapiga kelele: «Let go! Let go!»

Leteko.

Nikazani sikusikia muzuri. Niko nakufa, na huyu mama ananiomba ndama? Tena na upole, na «ko» yake, kama mutu anaomba chumvi ku jirani?

«Naleta, Madamu!» nikajibu. «Naleta! Iko nzito!»

«Let go! Oh, let go!»

«Naleta! Ngoja kidogo!»

Na nikavuta. Batu yangu, nikavuta na nguvu yenye sijui ilitoka wapi. Kila mara anasema, mi navuta zaidi, na kila mara navuta zaidi, anasema na sauti ya juu zaidi. Muzizi ya mukaratusi ikaanza kulia ka, ka. Papa anasema nisiachilie. Madamu anasema nilete. Bakubwa bote banasema kitu moja. Sasa mutoto atafanya nini?

Madamu akajitupa chini, akanishika miguu yote mbili na kifua chake juu yake. Ile nilishangaa: anataka ndama, lakini anashika mimi. Mama naye akafika, iko na shuka ya maji mu mikono. Akasimama pa ukingo. Akaangalia ndama. Akaniangalia. Akaangalia ndama tena. Ile kuangalia ya mara ya pili, sijaisahau mu maisha yangu. Nilijua anaona nini. Alikuwa anaona Bahati.

Kisha akatupa shuka.

«Achilia.»

«Papa alisema...»

«Papa haiko hapa. Achilia, mwana wangu.»

«Madamu anasema nilete!»

«Wachana na Madamu! Achilia!»

Lakini mukono haikujua tena kufunguka. Mama akashuka mu maji paka kiuno, akashika kamba mbele ya mukono yangu, akajivuta nyuma ili ilegee, na meno yake akafungua fundo. Kamba ikatoka na ngozi yangu. Ikaenda mbio kama nyoka. Kichwa ya ndama ikaonekana mara moja tena, ile alama mweupe, halafu maji ikapita juu.

Ku njia ya kurudi, mama alinibeba mugongo, mimi musichana mukubwa vile. Tulipofika pa lupango ya nyumba yetu nikakataa kuingia. Nikaficha mukono nyuma. Papa akatoka, mama akamuambia. Papa akabaki anaangalia potopoto yenye ilikuwa ku nguo zetu. «Mukono iko wapi?» akaniuliza. Nikasema: «Nilirudi nayo, papa. Sikupata fasi ya kuiacha.» Papa akaingia mu nyumba. Nikajua anatafuta panga. Akatoka na kibuyu ya siagi ya ngombe, akachuchumaa, akanipakaa ile siagi pole pole, kuzunguka, kuzunguka.

Asubui yake nikamusikia anaambia mama: «Namupeleka kwa muzee.»

Eh! Namupeleka. Nikajua. Ndama haiko, ngozi haiko, basi mimi njo nitabaki kule. Tulipanda kilima ya ngambo, papa mbele, mimi nyuma, na sikuuliza. Nilikuwa naaga kila muti. Nilikuwa nawaza kama muzee iko na batoto bachokozi, kama nitalala na mbuzi. Tena nilikuwa na furaha kidogo mu ile woga: nikibaki huku, ngombe inabaki kule, Bahati anakunywa.

Muzee alikuwa anaota jua pa mulango. Papa akamupigia magoti, akaeleza. Muzee akasikiliza paka mwisho, akauliza kitu moja tu.

«Ngozi iko wapi?»

Papa akanivuta mbele. Akafungua kitambaa ya kikwembe yenye mama alinifungia. Akanyoosha mukono yangu kwa muzee, na ile fasi nyekundu bila ngozi ikaona jua.

«Ngozi ni hii,» akasema.

Nikafunga macho. Nilizani sasa balikuwa banachagua kisu. Nikasikia vidole ya muzee, kavu kama maganda ya maharagi, inagusa kandokando ya kidonda. «Wewe mutoto, kwa nini haukuachilia?» Nikasema: «Papa alikataza. Na Madamu alikuwa anasema leteko.» «Alisema leteko? Na maji vile?» «Ndiyo, muzee. Mara mingi.» Muzee akatema mate kandokando. «Mutu anaita ngombe mbele ya mutoto,» akasema. «Hawa batu, kwao hakuna mama?» Kisha akarudisha mukono yangu kwa papa, kama vile unarudisha kitu ya mutu. «Nimeiona ngozi. Ngombe ibaki kwako. Kamutoto kakunywe.»

Kurudi, papa alinibeba ku mabega. Sikujuaka kama mabega yake ilikuwa juu vile.

Lakini ile neno ya muzee ilishuka kilima mbele yetu. Kila nyumba ikaisema: Madamu aliita ndama, mutoto anakufa. Papa akakataza mama kufua kule tena. Siku moja Madamu akakuja kwetu kwa miguu, iko na bande ya kidonda na sukari mu kikapo. Papa akasimama pa lupango, mikono ku kifua, hakutoka njia. Madamu akaniona nyuma ya papa. Akanyoosha mukono wake kwangu, macho imejaa maji, akasema, pole pole: «Let me see. Please. Let me see.»

Mi nikaingia mu nyumba mbio, nikamuletea kijiko.

Akakipokea. Hakucheka ile mara. Akaangalia kijiko, akaangalia kikwembe ku mukono yangu, akaweka sukari chini pa miguu ya papa, akaenda na ile kijiko yetu mu mukono. Mama akasema: ona, ata kijiko ameenda nayo. Hatukumuona tena. Nikakomaa, nikaolewa, nikazaa, nikazika mume, na kila nikinusa mukonge ya maji nilikuwa nasema mu roho: ule mama wa roho ngumu.

Nilipofika pale mu hadisi, Nsimire alikuwa ameikala chini, kichwa ku magoti yangu.

«Koko,» akasema, «misi si kijiko.»

«Ni nini?»

«Let me see. Acha nione. Alikuwa anaomba kuona mukono yako.»

Basi tukalia, mimi na yeye, juu ya valisi. Tukacheka pia, juu ya kuku. Kisha akatosha telefoni, anatafuta mule. Huyu mutoto akiumia anatafutaka mu telefoni. Anasema ile «let» iko na kazi nyingi kupita mutumishi: ni kuacha, ni kuruhusu, ukiwa na nyumba ni kuipangisha, zamani ata kumutoa mutu damu mu mushipa ilikuwa ile ile. Anasema kule mwanzo kabisa, mbele ya bazee ba bazee babo, ilikuwa ndugu na neno ya kuchoka: unaachilia juu umechoka kushika. «Na sikia hii, Koko. Zamani kulikuwa let ingine, inafanana na hii kama mutu na pacha wake. Ile ilikuwa kusema kuzuia.»

«Kinywa moja, kuachilia na kuzuia?»

«Kinywa moja.»

Nikaangalia mukono yangu. Nikasema, basi ule mama hakunidanganya, ni luga yake njo iko na mikono mbili. Kule pa ukingo alisema achilia na kinywa, na kifua chake kilikuwa kinanizuia miguu. Alisema zote mbili. Mimi nikasikia ya tatu.

Mvula ilikuwa imeanza tena ku mabati. Nsimire akafunga valisi muzuri, akakaza fundo, akanipatia mwisho ya kamba nishike. Akaniambia, sasa Koko, uniambie ile neno ya muzuri, juu kesho naenda. Nikajua anaomba nini: nimuachilie. Nikamuuliza: na nikichoka kule kukuachilia? Nikizeeka zaidi, nikikutaka hapa, nitasema namna gani na hii telefoni yenu?

Akafungua vidole yangu moja moja, bila kuvuta, akafunika ile bangili ya ngozi na kiganja chake.

«Unipigie, Koko. Useme tu: let go. Kule Kampala bote batasikia Kingereza. Mimi peke yangu nitasikia leteko. Na nitajileta.»